Kutembea bandarini majira ya baridi, bila haraka

Mimi huanza na upepo, ramani baadaye. Katikati ya mji majengo yanaukinga. Ukifika majini unakupiga mzima mzima, na ndio unaokula joto la mwili. Angalia unavuma kutoka wapi, kisha anza kwa upande wa mbisho, yaani ukiukabili upepo, ungali na nguvu. Wakati wa kurudi utakusukuma mgongoni. Wanaofanya kinyume utakutana nao wakitiririkwa machozi.

Toka kama saa mbili kabla ya jua kuzama. Vaa kama mtu anayekwenda kusimama, kwa sababu utasimama sana. Soli nene inafaa kuliko soksi tatu zilizobanana kiatuni. Damu ikikosa njia, vidole vinakufa ganzi.

Kaa mbali na ukingo wa gati. Maji ya bahari huganda kwenye nyuzi -1.8 hivi, ya mvua kwenye sifuri, kwa hiyo mawimbi yanaweza kuwa yanacheza huku njia imeshakuwa kioo.

Magati ya mizigo hutaingia: tangu 2004 kanuni za kimataifa za usalama wa bandari zimeyafunga kwa wapita njia. Beba darubini, simama ng'ambo, tazama katikati ya ubavu wa meli. Kuna duara lililokatwa na mstari, na kando yake mistari yenye herufi za Kiingereza, kila mmoja ukionyesha meli inaruhusiwa kuzama hadi wapi. T ni tropiki, S kiangazi, W baridi. W iko chini ya S: bahari ya baridi ni kali, basi meli hupunguziwa shehena ili ielee juu zaidi. Zile zisizozidi mita 100 zina WNA pia, chini kabisa, kwa ajili ya Atlantiki ya Kaskazini. Mbunge wa Uingereza, Samuel Plimsoll, alipigania alama hiyo kwa sababu wenye meli walizijaza kupita kiasi na mabaharia wakafa. Sheria ikapita 1876, lakini (nacheka kila nikikumbuka) mwenye meli aliachiwa achague mwenyewe pa kuichora, hadi 1890!

Visahani vilivyovishwa kwenye kamba za kufungia meli ni vya kuzuia panya.

Giza likiingia, soma taa. Nyeupe juu ya nyekundu ni boti ya rubani, yule anayeongoza meli kuingia na kutoka bandarini. Meli ina nyekundu kushoto, kijani kulia. Ukiziona zote mbili kwa pamoja, inakuja upande wako. Mimina chai, kufunga kamba huchukua muda.