Kabla ya kumwaga mbolea ya fosforasi, angalia kuvu za mizizi

Ukiniuliza uweke mbolea ya fosforasi kiasi gani, nami nitakuuliza: udongo umepimwa? Wengi hurudia tu kipimo cha msimu uliopita. Fosforasi haichujwi na mvua upesi kama naitrojeni. Hubaki shambani, imeshikwa na chuma na alumini kwenye udongo wenye tindikali, au na kalsiamu kwenye udongo wa chokaa. Kwa hiyo shamba laweza kuwa nayo tele na mahindi bado yakatoa majani ya zambarau, dalili ya kuikosa. Mzizi humaliza ile iliyo milimita moja au mbili kandokando yake, kisha hubaki kungoja.

Hapo ndipo kuvu za mikoriza, zile zinazoishi kwa ushirika na mizizi, zinapofaa. Nyuzi zake, nyembamba kuliko unywele, hupenya vitundu ambavyo mzizi hauviwezi na kufika sentimita kadhaa mbele. Huleta fosforasi na zinki, na mmea hulipa kwa sukari. Lakini ukiushibisha mmea fosforasi, hupunguza kutoa kemikali za kuziita kuvu hizo, na mizizi hubaki mitupu. Mazao yanaweza kustawi huku zinki ikianza kupungua kwenye majani.

Mimi hufanya hivi. Majibu ya kipimo yakionyesha fosforasi nyingi, mbolea ya DAP (yenye naitrojeni na fosforasi) siigusi, maana 46% yake ni P2O5, yaani fosforasi kama inavyoandikwa kwenye mfuko. Naitrojeni naitafuta kwenye urea. Yakiwa ya wastani, naweka kidogo kwenye mstari, sentimita tano hivi pembeni mwa mbegu na chini yake kidogo. Yakiwa chini kabisa, naweka mbolea bila kusita. Anayekuuzia paketi ya kuvu ili uache mbolea kwenye udongo wa namna hiyo anakudanganya, kwani kuvu haitengenezi fosforasi isiyokuwepo.

Kuvu za kitalu unaweza kuzizalisha mwenyewe. Chota udongo wenye vijizizi chini ya nyasi za kudumu, mahali pasipolimwa, uchanganye na mchanga kwenye chungu, upande mtama. Mwagilia bila kuongeza fosforasi. Baada ya miezi mitatu hivi acha maji, mtama ukauke, kata mashina, kisha katakata mizizi pamoja na udongo wake. Kijiko kimoja chini ya kila mche kinatosha. Usichote penye mimea yenye vifundo mizizini, utahamisha minyoo fundo. Na usihangaike kuwekea kabichi, haradali, mchicha wala spinachi. Hizo hazishirikiani na mikoriza. Zikitangulia shambani, kuvu hupungua, kama inavyotokea ardhi ikikaa tupu muda mrefu au ikipinduliwa kila mara.

Kujua kama zimeingia, osha vijizizi vyembamba, uvichemshe kwenye hidroksidi ya potasiamu ya 10% hadi vipauke (vaa glavu na miwani, inaunguza), suuza vizuri, kisha vichemshe dakika tatu kwenye siki yenye wino mweusi wa 5%. Suuza tena kwa maji yenye matone ya siki. Chini ya hadubini utaona nyuzi zilizokolea rangi, na ndani ya seli vijimti vyenye matawi: hapo ndipo fosforasi na sukari hubadilishana mikono.

Shambani, acha mistari michache bila fosforasi ili uilinganishe na yenye mbolea. Usiihukumu mapema, kwani yenye mbolea mara nyingi hutangulia kukua. Pima uzito wa mavuno.