Bingwa mpya wa macho: ukipangiwa hospitali ya Maweni au Kitete

Ukimaliza masomo ya ubingwa, usianze na barua za kazi. Anza na Baraza la Madaktari Tanganyika: cheti cha udaktari wa kawaida hakikutambulishi kama bingwa, kwa hiyo omba usajili wa ubingwa mapema.

Njia ni tatu: hospitali ya rufaa ya mkoa, ubobezi (kusomea zaidi sehemu moja ya fani), au kliniki binafsi. Kwa maoni yetu, anza mkoani. Maweni ya Kigoma au Kitete ya Tabora itakukutanisha na mtoto wa jicho aliyekomaa kabisa, na hapo ndipo mkono hukomaa.

Kabla ya kupanga orodha ya upasuaji, kagua darubini, balbu ya akiba na umeme wa dharura. Kisha kokotoa nguvu ya lenzi bandia utakayoweka jichoni. Macho mengi huhitaji takriban diopta (kipimo cha nguvu ya lenzi) 18 hadi 24, lakini usikisie: pima urefu wa jicho na mkunjo wa konea, yaani kioo cha mbele ya jicho. Kosa la milimita 1 katika urefu huleta tofauti ya karibu diopta 2.5 hadi 3, na mgonjwa atabaki na ukungu ingawa upasuaji ulikwenda vizuri. Weka pia povidoni ayodini 5%, dawa ya kuua vijidudu, jichoni kwa dakika 3 kabla ya kukata.

Kifuko cha lenzi kikipasuka na huna mashine ya kuondoa vitreo (ute ulio ndani ya jicho), utakwama, ihakikishe kwanza.

Ubobezi wa retina (utando wa nyuma ya jicho) au macho ya watoto unaweza kusubiri. Kliniki binafsi nayo ingoje: vifaa vyake ni ghali mno.