Kupima michirizi ya kahawia kwenye muhogo, kutoka jani hadi jeli

Batobato ya muhogo hata mpita njia anaiona: jani limejikunja na kujaa mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia, ugonjwa mwingine wa virusi, ni janja zaidi. Shina limesimama wima, majani yamestawi, kumbe ukichimba na kuukata muhogo unakuta ndani umeoza kikavu. Kwa hiyo tunapima. Njia ninayoieleza ilichapishwa mwaka 2011 na Deusdedith Mbanzibwa, mtafiti Mtanzania, pamoja na wenzake. Naipendea jambo moja: kipimo kimoja kinatofautisha virusi viwili vya ugonjwa huu: CBSV, yaani virusi vya michirizi ya kahawia ya muhogo, na UCBSV, ndugu yake anayeitwa wa Uganda.

Hatua ya 1: Chagua jani. Ukikosea hapa, hakuna mashine itakayokuokoa. Kwa batobato tunachuma jani changa la kileleni, lakini kwa michirizi shuka chini, kwenye majani yaliyokomaa yenye umanjano kando ya vishipa. Virusi havijatapakaa sawasawa mmea mzima, na jani la juu laweza kukuambia mmea mgonjwa ni mzima. Mpakani mwa shamba kama kuna mti wa kisamvu cha mpira, uchume nao. Mbanzibwa na wenzake walivikuta virusi humo pia.

Hatua ya 2: Bana majani katikati ya kurasa za gazeti yakauke, kila sampuli na namba yake. Huhitaji barafu.

Hatua ya 3: Saga jani kwenye kinu kidogo pamoja na bafa ya CTAB (mchanganyiko wenye sabuni inayopasua seli), pasha moto nyuzi 65 za Selsiasi, kisha safisha kwa klorofomu na ushushe RNA, yaani chembe za urithi za virusi hivi, kwa isopropanoli. Majani ya muhogo yana tanini nyingi (kemikali chungu kama za chai) zinazozuia PCR, ile mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi hadi kionekane, kwa hiyo mashapo yakitoka na rangi ya chai, rudia kusafisha. Fanyia kazi hii ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa.

Hatua ya 4: Geuza RNA kuwa cDNA, yaani nakala yake ya DNA, kwa kuwa PCR hunakili DNA tu. Virusi vya batobato ni vya DNA, havihitaji hatua hii.

Hatua ya 5: Endesha PCR kwa praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili) CBSDDF2 na CBSDDR. Weka na mirija mitatu ya ulinganisho: mmea unaojulikana kuwa mgonjwa, mmea mzima, na maji matupu. Wanafunzi hupenda kuuruka wa maji ili kuokoa kemikali. Usikubali.

Hatua ya 6: Pitisha nakala kwenye jeli kwa umeme, zijipange kwa urefu kama mistari, kisha soma jeli. Mstari wa karibu jozi 344 za besi (kipimo cha urefu wa DNA) ni CBSV, wa karibu 440 ni UCBSV. Ukiona yote miwili, mmea umebeba virusi vyote. Mstari ukitokea kwenye maji, tupa matokeo yote uanze upya kwa vitendanishi vipya. Na mmea usio na mstari wowote, kabla hujaruhusu ukatwe pingili za mbegu, pima jani jingine la chini kutoka tawi tofauti.