Usafi na joto katika bia ya kwanza ya nyumbani
Anayeanza kutengeneza bia nyumbani asihangaike mno na aina za hopi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu), bali aangalie usafi na joto. Kila chombo kitakachogusa maji ya kimea baada ya kuchemshwa na kupozwa, hata mfuniko na mpira wa kuhamishia, sharti kioshwe kisha kitiwe dawa ya kuua vijidudu. Hamira nyingi za bia ya eli hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22 za Selsiasi, nazo huongeza joto zenyewe zinapochachusha, hivyo ndoo ikae mahali penye ubaridi zaidi kidogo. Kukoma kwa mapovu si ishara ya kutosha: apime kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki, siku kadhaa, na kipimo kisipobadilika ndipo ajaze chupa, kwani gesi ya sukari nyingi iliyobaki ikiendelea kuchachuka huweza kuzipasua.