Jinsi ya kuijua Skandinavia na Uskoti kupitia vitabu

Kama unataka kuzielewa hizi nchi za kaskazini usianze na kitabu kizito cha historia, utalala mapema. Anza na saga, zile stori zilizoandikwa Aislandi miaka kama 800 iliyopita, na ya kwanza mi ningesema shika Orkneyinga saga sababu inakupa pande zote mbili kwa mpigo, watawala wenye asili ya Norwe wanagombania visiwa vya Orkney ambavyo leo ni Uskoti, visasi, ndugu kwa ndugu, yaani drama tupu.

Weka ramani pembeni. Na andika majina kwenye karatasi maana watu wanarudia rudia, Harald huyu na Harald yule, utachanganyikiwa. Halafu kumbuka mengi yaliandikwa muda mrefu baada ya matukio, kwa hiyo isome kama stori sio ripoti ya polisi.

Ukishanogewa ndo utafute historia yenyewe. Angalia kama inaeleza mwaka 1266, Norwe ilipoiachia Uskoti visiwa vya Hebrides, na 1468 mpaka 1469 hapo ndo patamu, mfalme Christian wa Kwanza wa Denmaki na Norwe anamwoza bintiye Margaret kwa James wa Tatu, mfalme wa Uskoti, kule hela anatoa baba wa bibi harusi, sasa hana, anaweka rehani Orkney kisha visiwa vya Shetland! Hakuzikomboa tena.

Riwaya za Walter Scott, yule mwandishi wa Uskoti, ziache mwishoni, anapamba sana.