Somo: Kuchanganya D-76 kwenye baridi ya Mbeya, na dawa inapokataa

D-76 ni dawa ya kusafishia filamu za nyeusi na nyeupe, yaani ya kuitoa picha ionekane. Ikikataa, mara nyingi kosa limefanyika mapema, wakati wa kuyeyusha. Vipimo vya lita 1: metoli gramu 2, sodiamu salfaiti kavu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5 (hii na metoli ndizo zinazotoa picha), boraksi gramu 2. Mizani isome hadi sehemu ya kumi ya gramu. Ile ya kupimia unga itakudanganya kwenye metoli. Vaa glovu, maana metoli huwasha ngozi, na jagi la dawa lisirudi jikoni kamwe.

Hatua ya 1: Maji. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka karibu nyuzi 94, si 100. Chukua mililita 375 zinazotokota, changanya na 375 zilizochemshwa jana zikapoa hadi nyuzi 15 asubuhi ya Julai. Unapata kama 54. Jagi likishanyonya joto lake, umefika 52 tunazozitaka. Hakikisha kwa kipimajoto.

Hatua ya 2: Metoli. Tangulia na salfaiti ya ncha ya kijiko tu, izuie hewa isiharibu metoli, kisha metoli yote. Koroga taratibu bila kupiga povu hadi usione chembe. Ukitanguliza salfaiti yote, metoli itagoma: utaona punje nyeupe zinazunguka humo hata mkono ukichoka.

Hatua ya 3: Salfaiti iliyobaki, kidogo kidogo, halafu haidrokwinoni, mwisho boraksi. Jaza maji baridi hadi lita 1, tia kwenye chupa ijae mpaka shingoni, ilale hadi kesho.

MASWALI

Makambako: Mwalimu, shikamoo. Dawa yangu imekuwa kama chai ya rangi. Bado inafaa?
Jibu: Marahaba. Umanjano hafifu unavumilika, kahawia hapana; hewa imeshaimaliza. Ukiwa na shaka, chovya kipande cha ulimi wa filamu (ile ncha ya mwanzo isiyo na picha) taa ikiwaka. Dakika 5 zikipita hakijawa cheusi tii, mwaga.

Mafinga: Kaka, nina pakiti ya lita 3.8. Naweza kuchota robo tu?
Jibu: Usichote. Poda hujitenga ndani ya pakiti, hivyo robo yako inaweza kukosa metoli kabisa. Changanya yote, ugawe ikiwa maji.

Njombe: Negativu zinatoka hafifu ingawa nimeongeza dakika.
Jibu: Dada, pima joto la dawa kabla ya kulaumu filamu. Ikishuka kwenye nyuzi 13, haidrokwinoni karibu inalala, na dakika za ziada haziiamshi. Weka tangi na chupa zote kwenye beseni la maji ya nyuzi 21, dawa ibaki 20.

Tukuyu: Fiksa (dawa ya kuidumisha picha baada ya kusafisha) imegeuka maziwa, inanuka kiberiti.
Jibu: Hiyo ni salfa. Asidi imekutana na “haipo” (hypo, yaani sodiamu thayosalfeti, chumvi kuu ya fiksa) pasipo salfaiti ya kuilinda, au mchanganyiko ulikuwa wa moto. Haiponi, anza upya: haipo gramu 240 kwa lita, salfaiti gramu 15, iyeyuke yote na ipoe, ndipo asidi ya siki kidogo kidogo huku unakoroga. Na haipo hunyonya joto la maji ikiyeyuka, jagi utalihisi linakuwa baridi mkononi. Kwa hiyo anza na maji ya nyuzi 50.