Namna ya Kufundisha Uzee wa Seli kwa Kipande cha Kitenge

Mwalimu wa Biolojia anayefundisha hapa Moshi hahitaji maabara ya gharama ili awaeleze wanafunzi kwa nini kuzeeka kwa seli humkinga mtu na saratani. Vinamtosha mabaki ya kitenge, ambayo mafundi cherehani wa kwenye baraza za maduka mjini huyafagia kila jioni, mkasi na makapeni.

Kata kipande kirefu kwa kila kikundi. Waandike maneno machache katikati na waache pindo tupu kila upande: maneno ni jeni, pindo ni telomea, yaani ncha ya kromosomu, ule uzi wa DNA unaobeba jeni; kwa binadamu ncha hiyo ni herufi za DNA TTAGGG zilizorudiwa maelfu ya mara. Kwa kila mgawanyiko wa seli, wapunguze kidogo mapindo yote mawili, kwa kuwa vimeng'enya vinavyonakili DNA havifiki mwisho kabisa wa uzi. Mkasi ukikaribia neno la kwanza, uwekwe chini. Mwaka 1961 watafiti Leonard Hayflick na Paul Moorhead walieleza jambo hilihili: seli za kawaida za binadamu ziligawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha zikakoma.

Hapa usiharakishe, maana ndipo wengi hupotea na kusema seli imechoka au imekufa. Haijafa, imezuiwa isigawanyike tena; huko ndiko kuzeeka kwa seli. Telomea iliyofupika mno, au DNA iliyoharibiwa na mionzi, huiamsha protini p53, nayo huchochea utengenezwaji wa p21 inayosimamisha mgawanyiko, huku protini nyingine, p16, ikisaidia kuufanya usimamaji huo uwe wa kudumu. Seli inayoelekea kuwa ya saratani hulazimika kugawanyika mara nyingi sana, hivyo breki hii huikatisha safari mapema. Mfano ulio hai ni vile vidoa vyeusi vilivyoinuka kidogo kwenye ngozi: vingi ni seli za rangi ambazo badiliko la jeni lilizichochea zizaliane, zikazaliana kwa muda, kisha zikasimamishwa.

Kikundi kimoja ukipe kwa siri sindano, uzi na viraka, kiwe kinarefusha pindo kila linapokatwa. Darasa likilalamika kwamba wenzao hawamalizi, waambie hiyo ndiyo kazi ya telomerasi, kimeng'enya ambacho takriban saratani 9 kati ya 10 hukiwasha upya. Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2009 kwa kazi yao juu ya telomea na kimeng'enya hicho.

Kinga hii ina dosari, na ni haki wanafunzi waijue. Seli iliyosimamishwa ni kama mzee mstaafu asiyenyamaza barazani: humwaga kemikali zinazoziita seli za kinga zije kuiondoa, lakini seli za namna hiyo zikirundikana uzeeni, kemikali zilezile huleta uvimbe wa muda mrefu (inflamesheni, si uvimbe wa saratani) unaoweza kuilea saratani jirani. Mwanafunzi akiuliza mbona basi wazee ndio wanaougua zaidi, jibu lianzie hapo, likiambatana na makosa ya DNA yanayojikusanya mwaka hadi mwaka.